Sahani Yangu Imenitoa Kwenye Sinia la Mjaka

Bi Umkulthum, assalaam aleikum. Nakuomba unisaidie, na kabla ya kunisaidia nakuomba usinicheke, au kama huna budi kucheka basi cheka sasa umalize, kwa sababu mimi ni mtu mzima mwenye wajukuu, na barua hii inahusu sahani.

Mimi ni fundi cherehani, kwetu ni Shumba Viamboni na duka langu liko Konde, karibu na soko. Nashona kanzu, na nakwambia hili ili uelewe mtu anawezaje kunenepa hivi bila ya kujua. Suruali ingeniambia mapema. Kanzu haisemi. Kila nilipozidi mimi, nilijikatia nyengine pana kidogo kuliko ile ya mwanzo, mkono ukakata wenyewe bila ya kuniuliza, na nikaendelea hivyo mpaka magoti yakakataa, nikawa nasali juu ya kiti, nikaenda kituo cha afya nikitaka dawa ya magoti tu. Daktari akaniangalia, akachukua futi, hii hii futi ninayoivaa shingoni kutwa kupimia viuno vya watu, akaanza kunizunguka nayo, na alipofika nyuma akamwita mwenzake aje amshikie upande wa pili. Akanipima presha, ikawa juu. Akapima sukari, akasema haijaingia ndani lakini imeshafika mlangoni.

Basi nikatiwa kwenye mpango wa simu. Kuna nesi yuko Wete, jina lake Rumaitha, ananipigia kila Jumatatu kwa ile simu ya kuonana uso, ananiuliza nimekula nini, nimetembea kiasi gani, nimelala vipi, na kila mwezi nakwenda kituoni kupandishwa kwenye mzani na yeye anapelekewa kipimo. Kwetu mtandao hushika vizuri nyuma ya banda la mbuzi, kwa hiyo hapo ndipo ninapoonana na nesi wangu, na mbuzi wakilia yeye huniuliza, mzee, hao nao wana swali? Ni mtu mzuri sana. Nimemwambia mambo ambayo hata Mwanapili mke wangu hajui, mfano ile chai ya maziwa ninayoinywa dukani na mkate wa boflo mzima, halafu nikirudi nyumbani nakunywa nyengine na nasema tangu asubuhi sijatia kitu mdomoni.

Sasa sikiliza balaa lilipoanzia. Rumaitha alitaka nimpelekee picha ya chakula changu kabla ya kula. Siku za kazi hakuna neno, nakula dukani, napiga picha. Ikaja Ijumaa. Ijumaa tukitoka msikitini sisi tunakula kijijini kwetu barazani kwa rafiki yangu Mjaka, yeye, mimi na Abrahman shemeji yake, sinia moja, tangu tulipokuwa vijana. Nikapiga picha ya sinia, nikaipeleka. Jumatatu Rumaitha akanipigia, uso umemkaa vibaya.

"Mzee wangu, hii ilikuwa shughuli ya nani?"

"Si shughuli. Ni chakula cha mchana."

"Mmekula wangapi?"

"Watatu."

"Kikabaki kiasi gani?"

"Hatubakishi, mwanangu. Tunaogopa kuvunja heshima ya mpishi."

Akaiangalia ile picha tena. Halafu akauliza katika lile sinia mimi nilikula kiasi gani, nikamwambia ukweli, sijui, na hakuna anayejua, kwenye sinia mtu hupima kwa macho na macho yangu ni ya ukarimu. Ndipo akaniambia kwa muda huu nijipakulie kwenye sahani yangu, ili mimi na yeye tujue.

Ijumaa iliyofuata nikatia sahani kwenye kikapu, nikaenda nayo kwa Mjaka. Sinia likaletwa, watu wakanawa, mimi nikaitoa.

"Nini hiyo?" Mjaka akaniuliza.

"Sahani."

"Naiona, yakhe. Ya nini?"

"Ya kulia."

"Unaumwa?"

"Siumwi."

"Basi unahama?"

Abrahman akacheka, mimi nikacheka, Mjaka hakucheka. Nikajipakulia wali wangu mdogo na kipande cha samaki, nikala pembeni kama mgonjwa wa wodini, na Mjaka, ambaye miaka yote humega samaki akanisukumia upande wangu ile nyama ya shingo, siku hiyo aliimega, akaishika mkononi, akaangalia pa kuisukumia, hakuna. Akaila mwenyewe.

Bi Umkulthum, wewe unakijua kisiwa chetu. Unaijua ile miaka ya mwanzo wa vyama vingi, watu hawauziani, hawazikani, mtu na ndugu yake wa tumbo moja hawaalikani harusi. Mimi nina chama changu na Mjaka ana chake, na mpaka leo tunabishana kila mmoja akitoka jasho. Lakini kula tulikula. Watu wa upande wangu walinisema, wa upande wake walimsema yeye, na Ijumaa sinia likitoka mikono yetu imo. Na sasa uchaguzi mwengine unakaribia, bendera zimeshapanda, na mtu anatokea na sahani yake kwenye kikapu. Siku ile tulipomaliza kula Mjaka akanisindikiza mpaka barabarani, akaniambia taratibu, "Miaka ile hawakukuweza. Safari hii wamekwambia nini?"

Hapo ndipo nilipoharibu. Ningesema ni nesi, ni tumbo, yangekwisha. Lakini nilikuwa nimemcheka sana Bi Shadya, jirani yetu, pale yeye alipoanza huo mpango wa simu, nilisema barazani mbele ya watu kuwa sasa kuna watu wanapungua kwa vocha, Mjaka akacheka mpaka akashika ukuta. Niliona aibu. Tena kwetu mwanamme akionekana anapungua wanaanza kumuulizia maradhi yake kwa sauti ya chini. Nikamjibu, "Mambo tu."

Tangu siku hiyo hakuna sinia. Ananiamkia, namwitikia, ananiuliza watoto, basi. Ijumaa anakula ndani kwake, mimi nakula kwangu, na Mwanapili ananiangalia kama aliyeachiwa mtoto wa watu.

Na mwili, alhamdulillahi, unakwenda vizuri, hilo ndilo linalonitia wazimu. Nashuka gari kabla ya kijiji, namalizia kwa miguu. Chai haina sukari, nimeshaizoea, karibu. Kanzu nimezitia mishono ndani. Na Ijumaa iliyopita nikakisukuma kile kiti nikasujudu chini, goti kwa goti, kipaji cha uso kwenye mkeka, na nikainuka mwenyewe bila ya kushikwa na mtu. Nilipotoa salamu nikageuka kumtafuta Mjaka nimkonyeze, maana yeye ndiye aliyekuwa akinibebea kiti. Alikuwa safu nyengine.

Sasa niambie. Nikirudi kwenye sinia, najijua, nitarudi kwenye kiti. Nikibaki na sahani, Mjaka amekwenda. Nifanye lipi? Na jina langu tafadhali lihifadhi.

Fundi wa Kanzu, Konde

—

Fundi, waaleikum salaam. Uliniomba nicheke mwanzo nimalize. Nimejaribu, sikumaliza. Na usinione nacheka ukadhani mimi ni mwembamba, kiti ninachokalia nikikujibu kimepigwa misumari upya mwaka huu, na fundi seremala aliponiuliza kimevunjikaje nilimwambia ni unyevu.

Kwanza hongera. Mtu wa makamo yako kuacha sukari kwenye chai, kushuka gari akatembea, na kurudi kusujudu kwenye mkeka, hiyo si kazi ndogo, na usikubali mtu yeyote, hata mimi, akakwambia uiache. Simu ya Jumatatu iendelee, mzani wa kituoni uendelee, presha iangaliwe. Magoti yako yamekupa jawabu lao, yasikilize.

Sasa kaa vizuri nikuseme.

Wewe umemweleza Rumaitha, binti ambaye hujapata hata kukutana naye, chai yako ya siri, boflo lako na usingizi wako, tena mbele ya mbuzi. Mjaka, ambaye amekubebea kiti msikitini, hukumwambia hata neno moja. Alikuuliza kwa upole, barabarani, peke yenu, asikuvunjie heshima mbele ya shemeji yake. Ukamjibu mambo tu. Bwana we, katika kisiwa hiki, mwaka wa uchaguzi, kuna jawabu baya zaidi ya hilo? Mjaka hana dhana mbaya. Ana kumbukumbu nzuri. Ameona watu wakitengana kwa jambo dogo kuliko sahani, na wote walianza kwa kusema hakuna kitu.

Unaniuliza sahani au sinia. Hilo nalo nitakujibu, ingawa silo lililokutenga na rafiki yako. Nimemuuliza muuguzi mmoja ninayemuamini, anayefanya kazi kama hiyo ya Rumaitha. Alinicheka mimi badala yako. Akasema sahani ni ya kujifundishia. Unaitumia kwa muda, nyumbani, mpaka jicho lako likajua chakula chako kiko kiasi gani, na jicho likishajua unaweza kula popote. Akaniuliza, kwani kwenye sinia mtu hana upande wake? Kila mtoto wa Pemba amepigwa mkono akiupeleka upande wa mwenzake. Basi upande wako ndio sahani yako, na wewe fundi, kukata kwa jicho ndiyo kazi yako. Kata.

Mwambie Rumaitha Jumatatu hii. Mwambie kuna sinia, na kuna watu kwenye hilo sinia ambao huwezi kuwapoteza. Yeye ni wa Wete, hakushushwa na ndege. Hakutaka kukutoa kwenu, alitaka kujua unakula nini, na wewe ukamwachia aamue bila ya kumwambia nusu ya habari. Mshauri wa kwenye simu haoni baraza. Lazima umwonyeshe.

Kisha mambo madogo. Zungumza na Mwanapili, naye azungumze na mke wa Mjaka: wali upungue, kisamvu au mabamia yaongezeke, nazi ya mchuzi iwe nyepesi, samaki wa kuchoma badala ya kukaanga. Hao wengine wawili haitawadhuru, na nina hakika hata Mjaka hajapimwa presha tangu azaliwe. Wewe kula taratibu. Usinyanyuke kabla ya wenzako, itakuwa tabu nyengine. Ukishashiba chambua miiba, toa hadithi, bishana siasa, mkono uwe una kazi. Na akikusukumia nyama ya shingo, ipokee. Samaki hajamharibu mtu, ni ule mlima wa wali ulioufuatisha nyuma yake.

Bi Shadya kamtake radhi. Ulimcheka kwa kuanza kabla yako. Na hao wanaoulizia maradhi kwa sauti ya chini, wajibu kwa sauti ya juu: mimi nilikuwa nimezidi, sasa napungua, nani anataka namba ya Rumaitha? Nakwambia watajipanga nyuma ya banda la mbuzi.

Limebaki moja. Jina lako nimelihifadhi kama ulivyotaka. La Mjaka hukuniomba nilihifadhi, umeliandika kila mahali, pamoja na la shemeji yake, la jirani yako na la kijiji chenu. Ningeweza kuyabadilisha yote. La Bi Shadya nimelibadilisha, yeye hana kosa. La Mjaka nimeliacha kusudi, kwa sababu katika barua nzima hakuna alipotajwa kwa ubaya, na nadhani itamfaa kujua kuwa ulimtafuta msikitini. Lakini haitamfaa kulisikia hilo kwangu kwanza.

Usimpigie simu. Simu umeitumia vya kutosha. Mwende, umwambie kwa mdomo wako, tumbo, futi, aibu, vyote.

Gazeti hili linashuka Konde asubuhi, hapo ndipo unaposoma sasa. Shumba linafika na gari la alasiri, na jioni litasomwa barazani kwa sauti. Kuna gari jengine linalolitangulia hilo, linaondoka baada ya adhuhuri. Funga duka, panda hilo.