Figa la Tatu la Mama Feza

Kalunga, ndugu yangu wa treni,

Ninakuandikia kwa mukono wangu mwenyewe. Herufi zinalala upande, lakini ni zangu. Katika wazee wote wa reli hapa Kalemie, anayeandika bado njo mimi.

Habari ni ya lile jiwe lako zito, jeusi lenye manjano, ulilotoa kule kusini kwenye shimo la zamani la madini la wazungu. Ulisema ni zuri, ukamupa muke wako, Mama Feza, likawa figa la tatu jikoni. Miaka yote tumekula samaki wa mikebuka walioiva juu yake.

Matanga yako hayajaisha, wakaja wanaume wawili na pikipiki. Walilitaka, walivushe ziwa, eti kuna watu ng'ambo watatengeneza nalo bomu. Niliwafukuza na fimbo. Mumoja aliacha kiatu. Ninacho.

Kisha wakaja wa serikali na kamashini kanakolia. Karibu na jiko kalilia kama mutoto wa njaa. Walisema jiwe halitalipuka, lakini sumu yake haiishi leo wala kesho, na mawe kama hayo wanayakusanya yasiingie mikono mibaya. Mama Feza akakataa. Alikaa chini mbele ya jiko.

"Mukitoa figa la Kalunga, mumevunja nyumba yake," akasema. "Nani ataweka lingine? Bwana wangu iko kaburini."

Unajua desturi: mwanaume anayemuwekea mwanamuke figa, njo bwana wake. Na wewe ndugu wa kiume hukuacha, wa kuliweka kwa jina lako. Dada zako walitazama chini. Mimi niliwaza yule mama akipikia juu ya sumu mpaka afe, moyo ukakataa.

Nilishuka ziwani, nikachagua jiwe, nikalibeba begani. Kwa umri huu! Vijana wa leo wangelisukuma na baiskeli. Njia nzima walinicheka, eti Muzee Mulongo anaoa. Nilipita kwako kwanza, makaburini. Nililiweka juu ya kaburi, upande wa kichwa chako, nikapumua, nikakusalimu, nikaliinua tena.

Uani kwako, mbele ya dada zako, nikasema: "Hili ni jiwe la Kalunga. Limetoka kwake sasa hivi. Mimi ni miguu yake tu."

Mama Feza akacheka. Kalunga, tangu tukuzike alikuwa hajacheka. Akasimama, akawaachia njia wale wa serikali. Walilifunga jiwe lako ndani ya sanduku la chuma, wakachota hata majivu na udongo wa jiko, wakaenda.

Jioni alipika bugali na sombe ya majani ya muhogo juu ya jiwe jipya. Sahani yangu aliiweka nje, barazani, kama ya mugeni. Nilikula nikashiba, nikafurahi. Ingewekwa ndani, kama ya bwana wa nyumba, ningekuandikia barua ingine kabisa.

Basi lala, ndugu. Mawe ya ziwani hupasuka kwa moto. Likipasuka nitashuka tena, na nitapitia kwako kwanza.

Miguu yako,
Mulongo