Kitabu Alichotuma Ng'washi

Nyakahura, 4 Agosti 1974

Mdogo wangu Ng'washi,

Salaam nyingi toka kwetu. Sisi wazima, ila wifi yako Theodosia mgongo unamsumbua. Hujambo huko Kibimba, na wanafunzi wako?

Kitabu kimefika. Sikujua Wazungu nao wana watoto watundu hivi, na aliyekitafsiri kakiweka Kiswahili kitamu. Jana niliwasomea wanangu pale wale ndugu watatu wanapomvalisha mbuzi kofia ya polisi na kumsimamisha dirishani, majambazi wakakimbia. Speciosa alicheka hadi akamwaga uji. Bulugu sasa kila mbuzi anamwita Afande.

Tumeambiwa tuhamie kijiji kipya kabla ya mvua. Mifugo itahesabiwa. Nina wazo.

Kaka yako, Malongo

Kibimba, 19 Agosti

Shikamoo kaka,

Mimi sijambo. Mpe wifi pole ya mgongo.

Nimefurahi kitabu kimewachekesha. Lakini hilo wazo lako silipendi hata kabla hujalisema. Huku Ngara waliochelewa kuhama nyumba zao zilichomwa. Ng'ombe waache wahesabiwe.

Mdogo wako, Ng'washi

Nyakahura, 8 Septemba

Mdogo wangu,

Hatujambo, ni vumbi tu.

Ng'ombe wengine nimewaficha porini. Nikienda mwenyewe nitaonekana, kwa hiyo wanachunga Speciosa na Bulugu, na wanalala hukohuko. Wenyewe waliomba. Speciosa alisema, "Baba, wale wa kitabuni walivuka milima bila mtu mzima." Theodosia hataki hata kunitazama. Nyasi zimekauka sana, na jioni moto unaonekana, ila ni mbali.

Kaka yako

Kibimba, 16 Septemba

Shikamoo kaka,

Natumaini mu wazima. Ukipata barua hii, wafuate watoto siku hiyohiyo. Aliyeandika kile kitabu alijua tangu mwanzo kwamba watoto wake watafika salama. Wewe hujui.

Mdogo wako

Kibimba, 2 Oktoba

Kaka, shikamoo.

Hujanijibu. Dereva wa lori aliyetoka Biharamulo anasema pori la upande wenu limeungua. Niandikie hata mstari mmoja.

Ng'washi

Nyakahura, kijiji kipya, 11 Oktoba

Ng'washi mdogo wangu,

Barua zako mbili nimezipata pamoja. Tumeshahamia.

Bulugu alirudi na ng'ombe, peke yake. Anasema moshi ulipowakaribia dada yake alimwambia, "Tangulia na hawa, mimi namfuata ndama." Alimsubiri barabarani mpaka giza likaingia. Tunatafuta kila siku, kijiji kizima, hata wale waliokuja kuhesabu mifugo. Ndama tumempata. Mzima kabisa.

Jana watoto wa jirani walikuja na kile kitabu, wakitaka niwasomee mwisho wake. Nikamwangalia Theodosia.

"Wasomee," akasema.

Nilisoma mpaka wale ndugu watatu wanaliona paa la nyumba yao. Nikakifunga. Nimewaambia watoto tutamalizia Speciosa akirudi.

Kaka yako, Malongo