Namba Yangu na Mtumbwi wa Baba

Mjukuu wangu Habona,

Huku Idsowe tu wazima, na mpunga umeanza kutoa masuke. Waniuliza: mwenzako akikuomba namba yako ya siri ya kupigia simu ya ofisi, umpe?

Nilipokuwa karani Garsen, mlinzi wetu aliniomba yangu ampigie mamake aliyelazwa Hola. Nilikataa, kwani simu ingeandikwa kwa jina langu. Lakini uso wake haukunitoka akilini. Nikamkumbuka baba: hakumwazima mtu mtumbwi wake, mwenye shida alimvusha mwenyewe. Nikarudi, nikabonyeza namba yangu mwenyewe, nikampa mkono wa simu, nikasimama kando hadi alipofuta machozi.

Basi usimpe, mama. Mbonyezee mwenyewe.

Mlinzi yule ndiye babu yako. Mpaka leo akitaka kupiga simu huniletea nimbonyezee, na simu ni yake.

Nyanya yako