Shingo Uliyoitia Gundi

Baba,

Chai iko kwenye chupa. Kitasa cha mlango wa nyuma kimekufa, tumia komeo. Mama akirudi kutoka kazini mwambie nimeondoka salama na hatukugombana.

Maana hatukugombana. Mimi nilikwenda tu kufunga sanduku. Shingo ya gitaa langu hufungwa kwa skrubu nne, basi. Nilishavuta uzi wa kushonea toka juu hadi chini nione kama imenyooka, nikapaka skrubu sabuni zisikwame, nikaenda kuoga. Kurudi, nakuta umejaza gundi kwenye kiungo, umeibana kwa jiriwa, unapiga mluzi. "Kiti changu hakijawahi kulegea," ukaniambia. Baba, hiki si kiti! Nilitaka shingo ifunguke ili gitaa liingie kwenye sanduku langu la safari.

~~Ukipata nafasi jaribu kuing'oa kwa mvuke.~~ Usiiguse, utaipasua.

Jiriwa isifunguliwe mpaka kesho. Nakujua, huna subira. Gitaa lisikae juani, na watoto wa jirani wasilifanye ngoma.

Nimevuta uzi tena kabla ya kutoka. Shingo imenyooka kuliko nilivyoiweka mimi. Sikutaka kukuambia usoni, ungevimba kichwa.

Kwenye ile nafasi ya gitaa sandukuni nimeweka randa yako ndogo ya kulainishia mbao, ile usiyomwazima mtu. Usihangaike kuitafuta kwenye karakana. Kaa na gitaa langu, nami nikae na randa yako, tuone nani atakuwa wa kwanza kumfuata mwenzake.

Binti yako, fundi wa skrubu