Sikio la Mtakatifu Roko

Paris, 3 Septemba 1854

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, ila supu ya mwenye nyumba ni maji matupu. Baba je? Kipindupindu kimemwachia kweli?

Nina ombi. Bwana Desnoix hapokei mwanafunzi wa uchoraji mpaka aone sura yake aliyojichora mwenyewe kabla ya kufundishwa na mtu. Nitumie ile niliyojichora kwa kioo cha baba cha kunyolea, iliyo juu ya kabati la vyombo. Sikukuu ya Watakatifu Wote, tarehe mosi Novemba, ikipita, nafasi imekwenda, na mimi narudi kushona matandiko ya farasi.

Mwanao,
Anselme

Arbois, 20 Septemba

Mwanangu,

Marahaba. Baba yako jana kanigombeza kwa ajili ya chumvi, basi ujue kapona.

Ile picha, usinikasirikie, imeliwa na unyevu. Rangi ilibanduka yote, nikaitupa. Rudi tu nyumbani, baba.

Mama yako

Dole, 9 Novemba

Mama,

Leo sikuamkii. Bwana Desnoix kanikataa. Nimefika Arbois juzi, nikapitia kanisani kwanza nimwashie baba mshumaa. Nikamkuta jirani yetu Bibi Perrine kapiga magoti mbele ya picha mpya ya Mtakatifu Roko, mwombezi wa wagonjwa wa tauni, na picha yenyewe ni ile yangu. Mchoraji wa vibao vya maduka kambandika ndevu na duara la dhahabu kichwani, ila sikio hakuligusa. Ni langu lile lile lililonyofolewa ncha na bata bukini wako nikiwa mdogo.

Bibi Perrine akaniambia ni nadhiri yako. Ungeniambia, mama, ningekuchorea Roko kumi. Lakini uliniandikia uongo kwa mkono wako, huku unajua nimengoja nini. Nimegeuza njia. Nyumbani sikuingia.

Anselme

Arbois, 18 Februari 1855

Mwanangu,

Hujambo huko uliko? Hii ni barua yangu ya tatu. Uliandika jina tupu, hata "mwanao" umeninyima.

Baba yako alikuwa anakata roho. Nikamwahidi Mtakatifu kitu ninachokipenda kuliko vyote mle ndani. Kingine sikuwa nacho. Baadaye nikaona haya kukuambia. Na nilitaka urudi, hilo nalo ni kweli.

Kila Jumapili nasogea karibu na lile sikio, nakuomba msamaha kwa sauti ya chini. Padri anadhani nasali.

Mama yako