Waya Niliomchagulia Editha

Jumanne

Editha wangu amepewa ofisi nzima hapa Biharamulo aipangie simu, peke yake! Mashine moja ukutani, na simu za meza zote zipitie hapo. Mtoto niliyemzaa mimi.

Na mimi ndiye niliyemwangusha.

Aliniandikia karatasi nimnunulie waya wa kuunganisha hiyo mashine na kompyuta anayoipangia, nyaya za ndani ziwe zimepishana. Kule Nyakanazi muuza vifaa akauliza, "Mama, fundi kaandika waya gani?" Ningetoa karatasi tu. Nikamjibu, "Fundi nimemzaa mimi, lete ule mpya unaong'aa."

Leo waya umeingia pande zote mbili, nikapiga vigelegele palepale ofisini. Kompyuta kimya. Editha akazima, akawasha. Kimya. Mwisho akaniuliza taratibu, "Mama, karatasi yangu ulimwonyesha?"

"Kwani haujaingia?"

"Umeingia, mama. Ila ndani nyaya zimenyooka. Mashine inasema, kompyuta haisikii."

Afadhali angenifokea. Akacheka, akanimiminia chai, lakini nilimwona akitazama kalenda. Wakubwa wake wakija wakute simu hazilii, kazi atapewa mwingine.

Kesho kwa gari la kwanza narudi Nyakanazi, karatasi mkononi, mdomo nimeufunga.

Maana ndugu wote wa kijijini kwetu Kanazi nimeshawaalika waje kusikia simu ya kwanza ikilia, siku ileile ya wakubwa. Ijumaa.