Mafiga ya Jiwe Jeusi la Liganga

Mpendwa Baba Damiani,

Huku Liganga mvua zimeanza. Kila zikikatika, kijito kinaacha ule mchanga mweusi, na nikiuona nakukumbuka ulivyokuwa ukiuchezea kwa sumaku.

Unakumbuka mafiga yangu? Nilikuwa bibi harusi, hata mwezi sijamaliza kwenu, nikapanda mlimani kuokota mawe meusi. Nilijiambia haya hayatapasuka motoni. Kwa uzito wake niliyabeba moja moja. Mama mkwe alipoyaona jikoni akakataa chakula. Ukoo wenu ni wa wafua chuma, na jiwe la tanuru, linaloyeyushwa kuwa majembe, haliingii kwenye jiko la mwanamke. Mimi mgeni niliyetoka Nyololo ningejuaje? Wewe ulicheka mpaka ukashika ukuta.

"Mke wangu," ukasema, "unapika ugali juu ya majembe."

Kisha ukayarudisha mlimani mwenyewe, ukaniletea mengine. Siku hiyo ndiyo nilikupenda, sio siku ya harusi.

Walipokuja wapima miamba ukawabebea masanduku ya mawe. Jioni ulinisimulia: jiwe jeusi limelala tabaka kwa tabaka ndani ya lile la kijivu. Chuma ni kingi, ila kimechanganyika na titani, madini yanayokifanya kiwe kigumu kuyeyushwa kwenye matanuru yao makubwa. Na barabara hakuna. Nikauliza mbona babu zako waliweza kwa mkaa na mivukuto. Ukasema babu walitaka majembe, hawa wanataka reli. Wakakunja mahema. Nawe ukapanda lori la Mbeya, kwenda machimbo ya dhahabu ya Johanesbagi, mimi nikiwa na mimba.

Sasa wale wapima wamerudi na mashine ya kutoboa mwamba. Msimamizi wao kamwambia baba mkwe wanataka watu wanaoujua mlima. Kama kazi itadumu sijui, sikudanganyi. Mama mkwe anasema nisikusumbue, mwanamume aachwe atafute. Lakini Damiani anatembea sasa, na kila mwanamume anayepita anamwita baba. Jana kamwita hivyo mzee wa kanisa, wanawake wakanitania mpaka nikajifunika kanga usoni.

Mkataba wako unaisha baada ya mavuno. Wakikuambia uongeze muda, usikubali. Sema mkeo kakataa. Wakikucheka waache wacheke, wewe panda gari uje, mtoto ajue wa kumwita.

Ni mimi mkeo,
Mama Damiani